Apimwe kwanza, ndipo akabidhiwe mizani



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake, masahaba zake na wote wanaofuata mwendo wao.

Ndugu Waislamu, posa inapoingia nyumbani, hakuna mzee mwenye akili anayejibu siku hiyo hiyo. Barua hupokewa, wageni hukirimiwa, kisha familia huanza kuuliza. Kijana ni wa nani? Anafanya kazi gani? Deni la watu hulipa? Mama yake anamsemaje, na jirani wa mama yake anamsemaje? Mjomba hutumwa mpaka kijiji cha pili kwenda kusikiliza. Hakuna anayeona haya kuuliza, wala upande wa mwanamume haukasiriki, kwa kuwa kila mmoja anajua kwamba mtoto wa watu hatolewi gizani.

Desturi hii ina asili katika Sunna. Bibi Fatima binti Qays (R.A.) alimwendea Mtume (S.A.W.) kumtaka ushauri, baada ya Muawiya na Abu Jahm kumposa. Katika riwaya aliyoipokea Imamu Muslim, Mtume hakumficha. Alimweleza kuwa mmoja ni masikini asiye na mali na kwamba fimbo ya mwingine haitoki begani, kisha akamwelekeza kwa Usama bin Zayd. Wote wawili walikuwa masahaba, lakini heshima yao haikumzuia Mtume kusema ukweli kwa mwenye haki ya kuusikia.

Leo tunapenda kuuliza swali moja tu. Ikiwa tunamchunguza kiasi hiki mtu atakayemwoa binti mmoja, kwa nini hatuulizi lolote juu ya mtu anayeteuliwa kusimamia bei ya umeme, mafuta na maji ya nchi nzima?

Tunazungumzia Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, yaani EWURA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2001, Sura ya 414, na kuanza kazi mwaka 2006. Kwa upande wa Zanzibar ipo ZURA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2013. Wengi wetu huzisikia mamlaka hizi mara moja kwa mwezi tu, bei kikomo za mafuta zinapotangazwa Jumatano ya kwanza, kisha tukazisahau mpaka mwezi ujao.

Hebu tuipeleke habari hii kata ya Busawe, wilayani Serengeti, kule mkoani Mara. Waislamu wa sehemu hizo si wengi, lakini maisha yao hayatofautiani na ya majirani zao. Petroli ya bodaboda inayompeleka mjamzito hospitalini imesafirishwa zaidi ya kilomita elfu moja kutoka bandarini. Ndiyo maana katika jedwali la bei kikomo mji wa Mugumu huwa na mstari wake, na Tarime mstari wake, na yote miwili huwa juu ya ule wa Dar es Salaam. Anayeamua ni shilingi ngapi za usafiri ziongezwe kihalali na ni shilingi ngapi ni ulafi wa mfanyabiashara, ni mdhibiti. Mashine ya kusaga, iwe ya dizeli au ya umeme, inafuata mkono huo huo. Debe la mahindi likipanda gharama ya kusaga kwa shilingi mia moja, mama wa Busawe hajui jina la aliyeidhinisha, lakini watoto wake wanaliona jambo hilo sahanini.

Na umeme je? Kwa agizo la bei la mwaka 2016, mteja mdogo wa nyumbani alipangiwa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na shilingi 350 kwa kila uniti inayozidi hapo, kabla ya kodi na tozo. Mfanyabiashara wa kawaida alipangiwa shilingi 292. Mpaka huo wa uniti 75 umewekwa na binadamu waliokaa mezani. Wangeuweka kwenye 50, nyumba nyingi za wanyonge zingelipa zaidi. Wangeuweka kwenye 100, zingepumua. Hapo utaona kuwa kuketi katika bodi ya mdhibiti ni hukumu baina ya tajiri na masikini, inayotolewa kwa tarakimu.

Maji ya vijijini, kwa haki, tuyaweke kando kidogo. Tangu sheria ya maji ya mwaka 2019 yanasimamiwa na RUWASA pamoja na vyombo vya watumiaji wenyewe, na EWURA inadhibiti zaidi mamlaka za maji za miji. Lakini mtoto wa Busawe akienda kupanga chumba Musoma au Mwanza, ankara ya maji itamkuta huko huko.

Tunakumbushana kwamba dini yetu haikuviacha vitu hivi bila hukumu. Imepokewa katika Sunan Abi Dawud kwamba Mtume (S.A.W.) aliwataja Waislamu kuwa ni washirika katika vitu vitatu: maji, malisho na moto. Ndugu msomaji, yatazame upya majukumu ya mamlaka tunayoizungumzia. Maji, na moto! Ni vitu viwili kati ya vile vitatu. Na pale Madina, maji ya kisima cha Ruma yalipokuwa yakiuzwa kwa watu, Mtume (S.A.W.) alihimiza kinunuliwe, na Uthman bin Affan (R.A.) akakinunua kwa mali yake na kukifanya wakfu. Leo hatuwezi kukinunua kila kisima. Tulichobakiwa nacho ni kuwa na mtu mwadilifu anayesimama kati ya mwenye kisima na mwenye kiu.

Wapo watakaosema kwamba Mtume (S.A.W.) alikataa kupanga bei zilipopanda Madina. Ni kweli, riwaya ya Anas (R.A.) iko wazi. Lakini wanazuoni, na miongoni mwao Ibn Taymiyya katika maandiko yake juu ya hisba, walieleza kuwa hiyo ni pale soko linapokuwa huru na bei inapopanda kwa uchache wa bidhaa. Ama bidhaa inaposhikwa na mikono michache na watu hawana pa kukimbilia, mtawala ana haki, na pengine wajibu, wa kuweka kikomo. Nguzo ya umeme inayopita mbele ya nyumba yako ni moja. Huwezi kusema umeghairi, utanunua kwa jirani.

Sasa tuje kwenye uteuzi wenyewe. Kwa mujibu wa sheria, mwenyekiti wa bodi huteuliwa na Rais, na wajumbe huteuliwa na Waziri baada ya kamati maalumu kupendekeza majina. Kamati hiyo ni jambo jema, na sheria imegusia pia mgongano wa maslahi. Aidha, dola ina upekuzi wake wa siri, nasi hatuna ugomvi nao. Lakini mwananchi hukutana na jina hilo kwa mara ya kwanza katika taarifa ya habari ya saa mbili usiku, likiwa limekwisha kuteuliwa.

Na hapa ndipo tunapoona jambo la kushangaza. Kabla ya kubadilisha bei ya umeme au maji, sheria hiyo hiyo inaitaka EWURA ifanye taftishi. Wananchi huitwa ukumbini, shirika linaloomba kupandisha hueleza sababu zake, Baraza la Ushauri la Watumiaji husimama kuhoji, na mzee yeyote aweza kunyoosha mkono akasema. Bei ina taftishi, mpanga bei hana! Tunaruhusiwa kuihoji shilingi, lakini haturuhusiwi kumhoji atakayeishika kwa miaka kadhaa.

Historia inatufundisha kuwa kiti hicho hakikaliwi na mtu dhaifu. Mnamo Agosti 2011, siku za mwanzo za mwezi mtukufu wa Ramadhani, mamlaka ilishusha bei kikomo, na baadhi ya wafanyabiashara wakaacha kuuza. Wasomaji wetu watakumbuka foleni zile, watu wamefunga, jua kali, na pampu zimefungwa. Mdhibiti alitoa amri, na kampuni moja kubwa ikasimamishiwa leseni ya biashara hiyo kwa miezi mitatu. Mtu mwenye fungu lake katika biashara ya mafuta angeweza kutia saini barua ile? Tunauliza tu.

Mtihani wa pili ulikuja kutoka upande mwingine. Mwishoni mwa Desemba 2016, baada ya TANESCO kuomba kupandisha bei kwa zaidi ya asilimia 18, EWURA iliidhinisha asilimia 8.5. Kabla bei hiyo haijaanza kutumika, Serikali iliisimamisha siku ya mwaka mpya wa 2017, na mkurugenzi mtendaji wa TANESCO akaondolewa. Wananchi wengi walifurahi, nasi hatuwalaumu, maana nani apendaye kulipa zaidi? Hata hivyo, mdhibiti anayejua kuwa uamuzi wake waweza kufutwa kwa siku moja anahitaji moyo wa namna ya pekee ili aendelee kusema analoliona kuwa ni haki. Moyo huo hauonekani katika cheti cha chuo kikuu.

Wenzetu walioendelea nao hawakusalimika. Katika jimbo la Ohio nchini Marekani, mwaka 2019 gavana alimteua mwanasheria Sam Randazzo kuongoza tume ya kudhibiti huduma za umma. Huko kuna baraza la kupendekeza majina, na Baraza la Seneti la jimbo lina kauli juu ya uteuzi. Milango yote hiyo aliivuka. Mwezi Novemba 2020 wapelelezi walipekua nyumba yake, akajiuzulu. Julai 2021 kampuni ya umeme ya FirstEnergy, iliyokuwa chini ya udhibiti wa tume hiyo, ilikiri mbele ya waendesha mashitaka kwamba ilikuwa imemlipa dola milioni 4.3 muda mfupi kabla hajashika wadhifa. Alishitakiwa Desemba 2023, akakana mashitaka, na akafariki Aprili 2024 kabla ya kesi kusikilizwa. Kwa hiyo hukumu yake iko kwa Mola wake, nasi hatumuongezei neno. Lakini kiasi cha fedha kilikirika na waliolipa, na swali la kuwauliza waliomchunguza ni jepesi mno: kabla ya kazi hii, mtu huyu alikuwa akilipwa na nani?

Khalifa Umar bin al-Khattab (R.A.) angeliuliza. Imepokewa kuwa mtu mmoja alisimama mbele yake kutoa ushahidi, Umar akamwambia alete mtu anayemjua. Akatokea mtu akasema anamjua kwa uadilifu. Umar akamuuliza: Je, ni jirani yako, unajua kuingia kwake na kutoka kwake? Akajibu hapana. Je, umewahi kufanya naye biashara ya dinari na dirhamu? Hapana. Umesafiri naye? Hapana. Umar akamwambia basi humjui. Na katika baadhi ya mapokezi, alimwambia kuwa huenda amemwona tu msikitini akiinua kichwa na kukiinamisha.

Maswali matatu hayo yangetosha kuwa fomu nzima ya upekuzi. Jirani ndiye anayejua kama nyumba ilipanda ghorofa kabla ya mshahara kupanda. Aliyefanya naye biashara ndiye anayejua kama hulipa bila kusukumwa. Aliyesafiri naye, na hapa tunaweza kumtia aliyefanya naye kazi ofisi moja, ndiye anayejua hasira yake, uchovu wake na woga wake. Leo badala ya hayo tunasomewa orodha ya shahada. Shahada ni jambo kubwa, hatuzidharau, kwani hesabu za bei ya umeme haziwezwi na kila mtu. Qur'an tukufu katika Surat al-Qasas, aya ya 26, inatusimulia binti wa mzee wa Madyan akimpendekeza Nabii Musa (A.S.) kwa sifa mbili pamoja, nguvu na uaminifu. Nguvu ya mdhibiti ni elimu na ujasiri wake. Uaminifu wake ni jambo la pili, nalo halina cheti.

Abu Dharr (R.A.), ambaye ukweli wake haukuwa na shaka, alipoomba uongozi, Mtume (S.A.W.) alimgusa bega na kumwambia kuwa ni dhaifu na kwamba jambo hilo ni amana. Mcha Mungu alinyimwa kazi kwa sababu haikumfaa. Ibn Taymiyya ameeleza kuwa sifa hizi mbili ni nadra kukutana kwa mtu mmoja, hivyo mteuzi atazame kazi yenyewe: penye vita itangulizwe nguvu, penye kulinda mali utangulizwe uaminifu. Kwa kazi ya kupanga bei za watu wote, sisi tunaona mwenye elimu ya wastani asiyenunulika ni bora kuliko bingwa mwenye bei.

Kisha kuna suala la zawadi. Wengi wanakijua kisa cha Ibn al-Lutbiyya, aliyetumwa kukusanya zaka kwa Bani Sulaym, akarudi na mafungu mawili, moja la umma na jingine akasema amezawadiwa. Mtume (S.A.W.) alipanda mimbari kwa ghadhabu na kuuliza kama angaliketi nyumbani kwa baba yake na mama yake, zawadi hiyo ingemfuata? Zawadi za zama hizi hazibebwi mkononi. Huja kwa sura ya semina ya ng'ambo, ya nafasi ya kazi kwa mtoto, au ya ahadi ya kiti katika kampuni mara muda wa utumishi utakapokwisha. Ikumbukwe pia kuwa mdhibiti huendeshwa kwa tozo zinazotoka kwa hao hao anaowadhibiti. Hilo ni jambo la kisheria na si dhambi, lakini linaongeza haja ya kuchagua mtu asiyesahau kwamba tozo hiyo mwisho wake hulipwa na mnunuzi wa LUKU.

Baadhi ya ndugu zetu wataogopa kuwa kumzungumza mteule ni kusengenya. Hofu hiyo ni ya kheri, lakini hapa si mahali pake. Imamu an-Nawawi katika Riyadh as-Salihin ameorodhesha sababu sita zinazoruhusu kumtaja mtu kwa aibu yake, na miongoni mwake ni kuwatahadharisha Waislamu na kumnasihi anayetaka ushauri. Elimu nzima ya Hadithi imesimama juu ya kuwapima wapokezi mmoja mmoja, nani mkweli, nani msahaulifu, nani mwongo. Wanazuoni wale hawakuwa wasengenyaji. Sharti ni kwamba msemaji aseme anachokijua, akiseme pale kinapohusika, na awe tayari kuapa. Uvumi wa kijiweni haumo.

Lipo jambo jingine tunalolisema kwa uzito, kwa kuwa linatuhusu sisi wenyewe. Orodha ya uteuzi inapotoka, wengi wetu tunaisoma kwa kuhesabu: Waislamu wangapi, wasio Waislamu wangapi. Malalamiko ya Waislamu wa nchi hii juu ya elimu na nafasi za kazi yana historia yake, na ukurasa huu hautayafuta kwa sentensi moja. Lakini tukishahesabu, tunanyamaza. Akiwa ni Hamisi tunafurahi na hatuulizi kama ana hisa katika kampuni ya mafuta. Akiwa ni Petro tunanung'unika na hatuulizi kama ni mwadilifu kuliko Hamisi. Surat an-Nisaa, aya ya 58, inaamrisha amana zirudishwe kwa wanaostahiki, na kuhukumu kwa uadilifu baina ya watu, na neno lililotumika ni watu, si Waislamu pekee. Mama wa Busawe hatapunguziwa shilingi kwenye debe kwa sababu aliyekula rushwa ana jina kama la mwanawe.

Nini kifanyike? Jirani zetu wa Kenya, kwa Katiba yao ya mwaka 2010 na sheria ya mwaka 2011 ya idhini ya Bunge, wameweka utaratibu kwa nyadhifa zinazohitaji idhini hiyo: jina hutangazwa, mwananchi mwenye jambo huliandika kwa kiapo, na mteuliwa huhojiwa hadharani. Si kila nafasi ya udhibiti huko inapita mlango huo, wala hatusemi mlango huo haupenyeki. Wanasiasa huweza kuufanya jukwaa la kulipizana. Lakini utaratibu wa namna hiyo unampa jirani, mfanyabiashara na msafiri wa Umar mahali pa kusimama.

Tunapendekeza kwa Serikali jambo ambalo halihitaji fedha nyingi. Kamati ikishapata majina machache ya mwisho, yatangazwe magazetini na redioni kwa siku 21 kabla ya uteuzi, pamoja na kazi alizofanya kila mmoja kwa miaka kumi iliyopita na walioziilipia. Baraza la Watumiaji lipewe nafasi ya kuandika maoni yake juu ya kila jina. Tamko la mali na maslahi, ambalo sheria ya maadili ya viongozi ya mwaka 1995 imekwisha kuliweka, lifanywe na mjumbe wa bodi ya udhibiti siku anapoingia na siku anapotoka, na sehemu inayohusu makampuni ya nishati iwe wazi kwa kila mtu. Umar (R.A.) alikuwa akiziandika mali za magavana wake wanapoanza kazi, na alipoona zimezidi aliwachukulia nusu.

Kwa upande wetu, maimamu na viongozi wa misikiti, kuna la kufanya hata kabla sheria haijabadilika. Taftishi za bei hutangazwa, lakini safu za viti ukumbini mara nyingi hukaliwa na wataalamu wa mashirika na waandishi wachache. Tangazo la taftishi lisomwe baada ya Swala ya Ijumaa, kama tunavyosoma tangazo la jeneza na la mchango wa madrasa. Jumuiya ya msikiti ichague watu wawili wanaojua hesabu, waende na ankara za waumini mkononi, na jina la mjumbe wa bodi aliyeketi mezani waliandike katika daftari la msikiti, pamoja na kauli aliyoitoa siku hiyo.

Wabillahi tawfiq.